Anayetaka kununua siti za msimu Wisconsin kwa ajili ya Grimes: USINUNUE, soma hapa kwanza

Mkuu weka hiyo kadi ya benki chini. Umeuliza (leo ni Desemba 2024) timu ya chuo kikuu cha Wisconsin, ile ya futiboli ya Kimarekani, wamemchukua Jeff Grimes kutoka Kansas awe kocha wa ofensi, yaani upande wa kushambulia, je watarudi kukimbiza mpira kama zamani, je pleyi (mipango ya kila shambulio) ataziita akiwa juu kibandani au pembeni ya uwanja, na je ulipie siti nne za 2025 sasa hivi kabla hazijapanda bei. Hilo la mwisho ndo limenikosesha usingizi, maana mimi nilifanya hivohivo kwa sababu ya Phil Longo, kocha wa ofensi kabla ya Grimes, na nimelia.

Kocha mkuu Fickell alimleta Longo Desemba 2022 kutoka North Carolina. Watu tuliozoea Wisconsin ya wakimbiaji Ron Dayne na Jonathan Taylor, mpira unapewa mtu mmoja, mijitu mitano mikubwa mbele inamfungulia njia, tukaambiwa sasa ni kurusha tu. Nikaangalia yadi na pointi za Longo kule alikotoka nikachanganyikiwa kwa furaha. Sikujiuliza nani alikuwa anarusha hiyo mipira! Alikuwa Sam Howell, halafu Drake Maye, huyu Maye kachaguliwa wa 3 kwenye drafti ya NFL 2024, pale ligi ya kulipwa inapochagua vijana wa vyuo. Sasa hapo sifa ni za kocha au za mkono wa kijana?

2023 tukamaliza 7-6, yaani kushinda 7 kufungwa 6, kotabeki (mrushaji) wetu Mordecai alivunjika mkono mechi ya Iowa, nikasema sawa, bahati mbaya. Kuna jamaa ana podikasti, simtaji, akawa anapiga kelele kiangazi kizima cha 2024 kwamba mwaka wa pili wa kocha wa ofensi ndo mambo yanalipuka. Baadae nikagundua anasema hivyo kuhusu kila timu kila mwaka, huyu hata ukimpeleka msibani atasema marehemu mwakani atafanya vizuri. Na yule muuza tiketi niliyempigia ndo akanimaliza kabisa, kaniambia kaka chukua nne, mbili ziuze kuanzia Oktoba zitarudisha hela yote. Nikachukua. Dola 2,400 na ushee, na hiyo ilikuwa hela ya mabati ya nyumba ya mama kule Korogwe, shemeji yenu nikamwambia itarudi kabla ya Krismasi.

Wiki ya mechi ya Alabama mtu wa kazini kwetu kanifuata na pesa mkononi anataka siti mbili, bei nzuri sana, nikakataa. Nilikataa mimi, kwa mdomo wangu, eti bei bado inapanda. Jumamosi kotabeki Van Dyke kaumia goti mapema kabisa, tumepigwa 42-10, na Jumatatu yule mtu hakutaka hata kuniangalia. Tangu siku hiyo nashusha bei, wiki inapita nashusha tena, Iowa nao wakatupiga 42-10 ingine. Oregon tuliongoza 13-6 mpaka robo ya mwisho tukafungwa 16-13, kesho yake Longo kafukuzwa. Mechi ya Minnesota, ile baridi ya mwisho wa Novemba, siti mbili hazikupata mtu hata wa bure, tukaziwekea makoti na blanketi. Tukafungwa 24-7. Msimu 5-7, na ile miaka 22 mfululizo ya kwenda bowl (mechi za heshima za mwisho wa msimu) ikaishia hapohapo mbele ya macho yangu.

Kwahiyo mdogo wangu kabla hujatoa hata senti uliza nani alikuwa anarusha na nani alikuwa anamlinda. Basi. Grimes huyo akiwa chuo cha BYU 2020 walikuwa 11-1, lakini kotabeki alikuwa Zach Wilson, kachaguliwa wa 2 kwenye drafti ya 2021. Chuo cha Baylor 2021 kachukua ubingwa wa ligi ya Big 12, miaka miwili baadae Baylor hiyohiyo 3-9 na akafukuzwa, na ni kichwa kilekile na daftari lilelile la pleyi! Kilichobadilika ni watu. Nakubali amefundisha laini ya ofensi (ile mijitu mikubwa ya mbele) miaka mingi na hilo linanipa moyo kuliko takwimu zake zote, ila niambie wewe, kotabeki wetu wa mwakani ni nani? Humjui, mimi simjui, na muuza tiketi hamjui lakini anataka hela leo. Tena ratiba yenyewe ya 2025 ni Alabama, Michigan na Oregon ugenini, Ohio State wanakuja nyumbani.

Subiri Septemba iishe, angalia laini inasukuma watu au inasukumwa, siti utazikuta na pengine kwa nusu bei. Mabati ya mama mpaka leo sijayanunua na mvua za vuli zimeshaanza. Kama umeshaweka oda ighairi sasa hivi halafu rudi hapa uniambie umeghairi.