Bibi kashindwa kuchora: ni ugonjwa wa usahaulifu?

Dada, umesema bibi, miaka 76, hajawahi kuingia darasani, alipewa kalamu anakili pembetano mbili, akashindwa, mkaambiwa akili imeanza kupotea. Poleni, ila msikate tamaa bado. Kipimo hicho kilitungwa Marekani, 1975, na humwonea asiyezoea kalamu. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti walitengeneza kingine, IDEA: badala ya kuchora, mzee anapanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano. Ulizia hicho. Halafu mweleze daktari mambo ya nyumbani: anasahau chungu motoni? Anapotea njia ya sokoni aliyoizoea? Mimi hayo nayapa uzito kuliko michoro. Masikio na macho yapimwe kwanza, pamoja na homoni za tezi ya shingo na vitamini B12, maana kasoro hapo huweza kufanana na kupotea kwa akili.