Kabla Hujairefusha Shoti, Mtazame Mungiu

Vijana wanaoniletea filamu zao fupi nizitazame, wengi wana imani moja: uhalisia ni njia ya wasio na hela. Kamera ishikwe mkononi, taa zisiwepo, waigizaji wajisemee yanayowajia. Huwa nawaambia wakamtazame kwanza Cristian Mungiu, mwongozaji wa filamu wa Romania, halafu tuongee.

Mungiu alizaliwa mjini Iași mwaka 1968. Alisomea fasihi ya Kiingereza, akafundisha, akaandika magazetini, ndipo akaingia chuo cha filamu Bucharest. Nadhani kalamu ndiyo iliyomjenga kuliko kamera. Mwaka 2007 filamu yake ya pili, 4 luni, 3 săptămâni și 2 zile, yaani miezi minne, wiki tatu na siku mbili, ikawa filamu ndefu ya kwanza ya Romania kutwaa Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa. Akarudi 2012 na După dealuri akapewa tuzo ya muswada, yaani maandishi ya filamu, na 2016 na Bacalaureat akapata ya uongozaji, akigawana na Olivier Assayas.

Sasa tazama meza ya chakula katika ile ya 2007. Ni mwaka 1987, enzi za Ceaușescu, dikteta wa Romania; utoaji mimba umebanwa na sheria tangu 1966. Otilia amemwacha rafiki yake, anayetoa mimba kwa siri, peke yake hotelini, katika hali ya hatari, akaenda kwenye sherehe ya kuzaliwa ya mama wa mpenzi wake. Kamera imetulia mbele ya meza. Otilia yuko katikati, amebanwa na wageni wanaokula na kuongea yao. Simu inalia chumba kingine, hakuna anayeinuka. Hakuna muziki wa kutuambia tuogope. Tunaogopa wenyewe, kwa sababu tunajua yaliyoko hotelini na wale wageni hawajui.

Shoti ile, yaani picha inayoendelea bila kukatwa, inasimama kwa nguvu ya muswada. Ukiondoa tunachokijua kabla ya meza, zinabaki dakika za watu kula. Kwa hiyo kabla hujarefusha shoti yako jiulize mtazamaji amebeba nini akilini anapoingia kwenye tukio. Kama hajabeba kitu, kata tu, hakuna atakayekulaumu.

Kuhusu muziki, mimi na wenzangu tuna kanuni: toleo la kwanza la uhariri halina hata noti moja. Inaumiza. Mazungumzo yaliyokuwa yamejificha nyuma ya piano yanaonekana yalivyo, na mara nyingi dawa si kurudisha piano, ni kurudi kuandika.

Wengine husema kelele za watu katika filamu za Mungiu ni za papo kwa papo, hazikuandikwa. Katika R.M.N. ya 2022, kijiji cha Transylvania, jimbo la Romania, kinakutana kujadili wafanyakazi wa Sri Lanka walioajiriwa kwenye kiwanda cha mikate, kisa kilichochotwa kwenye tukio la kweli la Ditrău mwaka 2020. Shoti ni moja, kamera haisogei, takriban dakika 17. Watu wanakatizana kwa Kiromania na Kihangaria, huku wahusika wakuu, Csilla na Matthias, waliokaa mbele wakiwa na lao. Vurugu ile imeandikwa na kufanyiwa mazoezi. Ukitaka kujaribu, anza na watu wanne na dakika mbili, na uiweke kamera kwa yule anayesema machache zaidi.

Anza na Bacalaureat: daktari anatafuta watu wa kumsaidia ili bintiye afaulu mtihani na kwenda kusoma Uingereza. Mzazi yeyote wa mtahiniwa wa kidato cha sita ataifuata bila shida. Kisha ile ya 2007, usiku ukiwa umetulia, maana ni nzito. Occident ya 2002 iache mwisho. Ni nyepesi na ina vichekesho, na utaona mtu yule yule kabla hajaanza kujinyima.