Masta ya mwingiliano wa binadamu na kompyuta kwa njia ya miradi: majibu kwa aliyeuliza

Mkuu, umeuliza mambo matatu: kama mtu wa sayansi ya kompyuta asiyejua kuchora anaweza kuimudu masta hii ya mwingiliano wa binadamu na kompyuta (yaani kubuni programu na vifaa kwa kuangalia watu wanavyovitumia), kusoma "kwa miradi" maana yake nini hasa, na kama ukirudi Dar kuna kazi. Mimi niliacha kazi ya kuandika programu za simu hapa Dar nikaenda kusoma miaka miwili Malmö, kusini mwa Sweden. Nitakujibu kwa niliyoyaona huko, kwa sababu vyuo vinatofautiana.

Kuchora kusikunyime usingizi. Darasani kwetu kulikuwa na wasanifu majengo, watengeneza programu, mwalimu wa sekondari na dada mmoja aliyesomea anthropolojia. Wenye mkono mzuri walitamba wiki za mwanzo, basi. Baada ya hapo walimu walitaka kujua umeona nini kwa watu, kwa nini ukaamua ulivyoamua, na ulipowapa wakijaribu walifanya nini. Mistari iliyopinda haikumpunguzia mtu alama.

Sasa hiyo miradi. Kule husomi masomo matano kwa mpigo. Linakuja moja, mnalimaliza, linafuata jingine. Mwanzoni kuna mihadhara na makala nyingi za kusoma (usidhani umekwepa vitabu), kisha mnagawanywa makundi ya watu watatu au wanne na mnapewa mada pana sana. Mwishoni mnawasilisha, mnaandika ripoti na mnahojiwa. Katikati kuna vikao vya uhakiki: mnabandika kazi ukutani jinsi ilivyo, wenzenu na walimu wanaisema.

Hapo ndipo sisi tunapohangaika. Tumelelewa kumpelekea mwalimu kazi iliyokamilika, imechapwa na ina jalada. Kule ukileta kitu kinachong'aa mapema, watu wanakuonea haya, wanasifia rangi na kikao kinaisha hujafaidika chochote. Ukileta karatasi zilizokatwa kwa mkasi, wanashika kalamu na kurekebisha palepale. Kwangu mimi ada yote ya masta hii inanunua kitu hicho kimoja, kujifunza kuonyesha kazi mbichi kila wiki bila kuitetea.

Nikupe mfano. Kundi letu lilichagua vyumba vya kufulia. Majengo mengi ya Sweden yana chumba kimoja cha mashine za kufua kwa wapangaji wote, na unaweka zamu. Kwenye jengo tulilochagua zamu zilikuwa bado zinawekwa kwa ubao wa ukutani wenye matundu ya siku na saa. Kila nyumba ina kufuli lake dogo lenye namba, unalichomeka kwenye tundu la muda unaoutaka na kuondoka na ufunguo. Sisi tuliuona ubao huo tukasema kazi imeisha, hii ni programu ya simu. Mwalimu hakutukataza. Alitutuma tukakae mle chumbani na kuangalia.

Tulichokiona ni kwamba ubao ulikuwa unafanya kazi nyingi kuliko kuhifadhi zamu. Mama mmoja alisoma namba iliyokuwa kwenye tundu linalofuata, akapanda ghorofani kugonga mlango na kumwomba jirani wabadilishane. Mzee mwingine alitazama ubao na kutuambia nani yuko safarini, kwa sababu kufuli lake halijasogea muda mrefu. Kila mtu alikuwa anaona kila kitu, kwa hiyo hapakuwa na ugomvi wa nani aliwahi. Programu tuliyoifikiria ingemwonyesha kila mtu zamu yake tu na kufuta yote hayo. Mwishowe tuliubakiza ubao ukutani, tukaongeza njia ya kuusoma ukiwa mbali, na mfano wa kwanza tuliutengeneza kwa kadibodi na vifuniko vya chupa. Wapangaji walivisogeza vile vifuniko wenyewe na kutueleza ni wapi tumepotea.

Utaratibu huu wa kubuni pamoja na watumiaji una historia, na ukienda nchi za kaskazini mwa Ulaya ni vizuri uijue. Kati ya 1981 na 1985 kulikuwa na mradi ulioitwa UTOPIA. Watafiti wa Sweden na Denmark, wakiwemo Pelle Ehn, Susanne Bødker na Morten Kyng, walifanya kazi pamoja na chama cha wafanyakazi wa uchapaji wa nchi za Nordic. Kompyuta zilikuwa zinaingia magazetini na wachapaji waliona ufundi wao unaondoka. Badala ya kuwauliza maswali, watafiti waliwatengenezea mashine za kuigiza kwa maboksi na mbao, nao wakafanya kazi zao za kila siku kana kwamba mashine zipo, huku wakisema zinawafaa wapi na zinawabana wapi. Ehn baadaye alikuwa profesa Malmö. Ndiyo maana kule hata uje na wazo zuri kiasi gani, swali la kwanza ni nani ameshirikishwa.

Kitu kigumu kuliko vyote ni kundi. Sisi kwa adabu mtu akisema jambo usilolikubali unanyamaza, unangoja baadaye. Kule kimya kinahesabiwa kuwa umekubali, na kesho wameshaendelea. Siku ya kwanza kabisa andikeni makubaliano: nani ana kazi ya jioni, nani anataka alama za juu, mkigongana mnaamuaje. Niliona kundi moja la watu wenye vipaji likivunjika kwa sababu tu hawakukaa chini kuzungumza hayo.

Kuhusu fedha nitasema kifupi. Tangu 2011 wanafunzi wa nje ya Ulaya wanalipa ada Sweden, na ada ya maombi pekee ni krona 900. Maombi ya masomo yanayoanza mwishoni mwa Agosti hufungwa katikati ya Januari. Swedish Institute, taasisi ya serikali ya Sweden, wana ufadhili unaolipa ada na kukupa posho ya kila mwezi. Wanataka uzoefu wa kazi usiopungua saa 3,000, na wakati wangu Tanzania ilikuwa kwenye orodha. Orodha hubadilika, kwa hiyo isome ya mwaka wako.

Vyuo vingi vya aina hii huomba uonyeshe kazi zako. Usipeleke picha za skrini kumi za programu nzuri. Nenda kakae na wakala wa fedha za simu hapo mtaani kwako. Angalia menyu za nyota na reli (* na #), ambazo ujumbe mmoja hauzidi herufi 182, zinavyolazimisha maneno kukatwa. Angalia ni wateja wangapi wanampa wakala simu awabonyezee, na namba ya siri wanamtajia kwa sauti. Andika ulichokiona, chora njia mbili tatu za kukirekebisha, wape watu wajaribu, halafu eleza walikwama wapi. Mwombaji wa Stockholm hawezi kuonyesha kazi kama hiyo.

Kazi ukirudi zipo, ila matangazo mengi hayataji fani hii. Mimi niliajiriwa kama mtengeneza programu kama zamani, nikaanza kuwapeleka wenzangu kwa wateja, na cheo kikafuata baadaye. Ukipenda utafiti, kuna mkutano wa AfriCHI wa watu wa fani hii barani Afrika, wa kwanza ulifanyika Nairobi 2016.

Ukishakaa na huyo wakala, weka hapa picha za karatasi zako kabla hujazisafisha. Nitazisema, na wadau wengine waliopita njia hii wamo humu humu.