Sabato huanza kuandaliwa Alhamisi

Mwanzo 2:2 inatanguliza kumaliza: Mungu alimaliza kazi yake, kisha akastarehe. Ndiyo maana mtu anaweza kushinda kanisani kutwa na kurudi kachoka vilevile. Ameingia Sabato na kazi ambazo hazijafungwa, mwili uko kwenye benchi, akili iko kwa mteja anayemdai mzigo.

Waisraeli jangwani walifunzwa hili kwa chakula. Kutoka 16 inasema siku ya sita waliokota mana pishi mbili kwa kila mtu, wakapika siku hiyohiyo, na kilichobaki hakikuoza. Waliotoka kutafuta siku ya saba waliambulia patupu.

Sabato ni jioni hata jioni (Walawi 23:32), yaani tangu jua linapozama Ijumaa hadi linapozama Jumamosi, kwa hiyo fuata jua la mahali ulipo. Dar es Salaam huzama kati ya saa 12 na robo hivi na karibu saa 12 na dakika 50, kutegemea mwezi. Kigoma huchelewa zaidi ya nusu saa. Popote ulipo, jiwekee mpaka wa saa 11 jioni Ijumaa, halafu panga kurudi nyuma. Alhamisi usiku loweka maharage, fua nguo za kanisani, angalia umeme wa LUKU na mtungi wa gesi, maana hivyo viwili hupenda kuisha Jumamosi asubuhi. Ijumaa asubuhi chemsha maharage na upige pasi. Mchana unga mboga, kanda chapati, funga hesabu za duka, na waandikie wateja kwamba utawajibu Jumapili. Simu isiyoagwa itaita katikati ya maombi.

Kama huna friji, mboga ya Sabato usiitie nazi. Kwa joto la pwani tui huchacha kabla ya asubuhi. Maharage yaliyoungwa kwa kitunguu na nyanya hustahimili zaidi, ila yachemke hasa kabla ya kulala, yafunikwe bila kuchotwachotwa, na asubuhi yachemke tena.

Sasa lile linalosahaulika zaidi. Kumbukumbu la Torati 5:14 inamtaja mtumwa na mjakazi, kwamba nao wapumzike kama bwana wao, na mstari unaofuata unatoa sababu: mlikuwa watumwa Misri. Nyumba ambayo baba anasoma Biblia sebuleni huku dada wa kazi akiosha masufuria ya wageni kumi na watano haijashika Sabato, hata kama imefungua Ijumaa kwa wimbo na sala. Gawa kazi ya Ijumaa kwa wote, wavulana wakiwemo. Jumamosi kila mtu aoshe sahani yake. Dada naye awe huru aende ibadani au alale, bila kukatwa mshahara na bila kurundikiwa vyombo vya kutwa nzima jua likishazama.

Viongozi wa kanisa nao wanahusika. Shule ya Sabato, huduma kuu, chakula cha pamoja, mazoezi ya kwaya, kamati ya ujenzi, kisha kufunga Sabato: akina mama wanaopika na vijana wanaopanga viti hawapati hata saa moja ya utulivu. Hamishieni kamati Jumapili. Chakula cha pamoja kipungue, au kila familia ije na chake kilichopikwa jana. Achieni saa tatu za alasiri bila ratiba yoyote, watu watembee na watoto wao au wamtazame mgonjwa.

Muuguzi aliye zamu hajavunja kitu. Yesu alimnyosha mwanamke aliyepinda miaka 18 siku ya Sabato, akawakumbusha waliolalamika kwamba wao hufungua ng'ombe wakamnywesha maji (Luka 13). Ng'ombe akamuliwe kama kawaida. Kuzungusha maziwa mtaani kunaweza kungoja. Na muuguzi huyo, kwa kuwa mwili wake haujapumzika, atengewe siku nyingine ya wiki, nyumbani waijue na waiheshimu, asiamke siku hiyo na kukuta rundo la nguo za familia nzima linamsubiri.