Muulize Bi Kamera: Magofu hayatembei, tafuteni kinachotembea

*Shikamoo Bi Kamera. Sisi ni kikundi cha vijana tunaotembeza wageni Kilwa Kisiwani. Tumechanga shilingi milioni mbili tutengeneze video ya kuvutia watalii. Skripti tumeshaandika na tumekuambatanishia: dakika kumi na mbili, inaanza karne ya 11 na kuishia leo. Msimulizi anasoma, na juu yake tunaweka picha za droni za Msikiti Mkuu, Husuni Kubwa, ngome ya Gereza, jumba la Makutani na kisiwa jirani cha Songo Mnara. Mwenzetu mmoja anasema itachosha watu. Sisi wengine tunasema historia haikatwi vipande. Tuamulie.*
*Vijana wa Kilwa Masoko*

Marahaba wanangu. Huyo mwenzenu mmoja mnunulieni soda.

Skripti nimeisoma yote. Mmeandika kwa bidii, na mwalimu wa historia angewapa alama nzuri. Lakini mtu aliyekaa kwake Tabata usiku, simu mkononi, watoto wamelala, hajawauliza ni masultani gani walifuatana Kilwa. Anajiuliza mambo mengine: nikiwapeleka hawa watoto mwisho wa wiki ndefu, nitapita njia gani? Nitavuka na nini? Nitaona nini nisichokiona Bagamoyo, ambako ni karibu? Hayo hamkuyajibu popote katika kurasa saba. Barabara ya lami inavuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, unakunja kushoto Nangurukuru na kufika Masoko. Kwa gari ni kama kilomita 300 kutoka Dar. Hilo mnalijua usingizini, ndiyo maana mkasahau kulisema.

Kwa hiyo kwanza amueni video ni ya nani. Mmeandika "watalii wa ndani na nje". Huyo si mtu. Mzungu anayekwenda Serengeti na kumalizia Unguja anataka kujua Kilwa itamgharimu siku ngapi za safari yake. Mama wa Tabata anataka kujua kama kuna choo na kivuli. Kwa milioni mbili chagueni mmoja, na mimi ningemchagua mama wa Tabata, maana akija analeta watu sita, na mwaka ujao anarudi na shemeji zake. Mzungu mwekeeni manukuu ya Kiingereza chini.

Sasa nije kwenye ugonjwa wenyewe. Magofu hayatembei. Ukielekeza kamera kwenye ukuta wa matumbawe kwa sekunde kumi, una picha ya mnato iliyokula nafasi kwenye memori kadi. Wengi wakiona hivyo hukimbilia droni, wakidhani kamera ikitembea basi na ukuta umetembea. Kutoka juu magofu yote hufanana na msingi wa nyumba ambayo mwenyewe aliishiwa hela. Isitoshe, droni inataka kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na kuikodi pamoja na mrushaji wake kutawamalizia mfuko. Ningeirusha mahali pamoja tu: Husuni Kubwa. Jumba lile limekaa juu ya genge linalotazama bahari, lina vyumba zaidi ya mia, na lile bwawa la pembe nane ukisimama pembeni yake huoni umbo lake vizuri. Picha moja ya juu, sekunde nane, imetosha. Mkikosa kibali, simamisheni mtu mrefu juu ya ukingo imara na kamera kwenye fimbo. Msipande kuta.

Kinachotembea Kilwa ni maji, watu na mwanga. Anzeni na maji.

Mnayo hadithi ambayo mji mwingine ungeilipia, nanyi mmeizika ukurasa wa tatu katika sentensi moja. Masimulizi ya kale ya Kilwa yanasema Ali bin al-Hassan alipofika kutoka Shiraz alikinunua kisiwa kwa mtawala wa bara, na bei ilikuwa nguo: nguo za kutosha kukizunguka kisiwa kizima. Hebu fikirini macho ya mtoto akisikia hivyo huku kisiwa chenyewe kinamkaribia. Basi msimsomeshe msimulizi studio. Mwekeni mmoja wenu ndani ya mashua, ageukie wageni, awasimulie hivyo wakati wanavuka, kwa maneno anayotumia siku zote kazini. Akikosea neno na kucheka, acheni kicheko. Aseme wazi kwamba ndivyo wazee walivyosimulia, kwa sababu wachimbuaji wa mambo ya kale wana maelezo yao kuhusu mji ulivyoanza, na mgeni aliyesoma asije akawadharau bure. Hiyo ndiyo video yenu: mtu anavuka, anasimuliwa kisa, anashuka, anatembea hadi Msikiti Mkuu. Basi. Dakika mbili na nusu, zikizidi sana tatu.

Saa ya kupiga hamwezi kujiamulia, inaamuliwa na mwezi. Nyinyi ni watoto wa pwani lakini nitasema, maana mhariri mtakayemkodi Dar hatajua. Siku za bamvua, mwezi mpevu au mwezi mwandamo, maji yetu hujaa karibu saa kumi jioni na kupwa karibu saa nne asubuhi. Maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ni kinyume: saa nne yamejaa, jioni yamekauka. Mkitaka mashua iingie karibu na ufuo wakati jua limelegea na kuta za Gereza zimekuwa na rangi ya asali, tafuteni siku za bamvua. Mkienda siku za maji mafu, jua zuri la jioni litawakuta mnatembea kwenye tope, kamera kichwani. Kila siku maji huchelewa kama dakika hamsini, kwa hiyo kazi ya siku mbili haina ratiba moja. Na msiende wakati upepo wa kusi umekaza, Juni hadi Agosti. Mashua itayumba na kipaza sauti kitasikia upepo tu. Septemba na Oktoba ni miezi mizuri.

Kipaza sauti kiwe kidogo, kibandikwe kifuani ndani ya shati, na mkifika katikati mwambieni nahodha azime mashine kidogo kisa kisikike. Watu husamehe picha mbaya. Sauti mbaya hawasamehe.

Ndani ya Msikiti Mkuu, kibla chetu ni kaskazini, kwa hiyo jua la asubuhi linakuja ubavuni, mkono wa kulia wa anayetazama mihrabu, na la jioni mkono wa kushoto. Vivuli vya nguzo vinalala sakafuni upande kwa upande. Nendeni siku moja kabla bila kamera, kaeni pale tangu saa moja asubuhi, mwone ni dakika zipi mwanga unapenya kati ya nguzo za sehemu ya kusini, ile yenye kuba. Halafu mgeni wenu, awe mama na mtoto, apite katikati ya vivuli hivyo bila kusema kitu. Hapo wekeni sentensi moja tu ya historia: msikiti huu ulianza karne ya 11, ukapanuliwa karne ya 14, na msafiri Ibn Battuta alifika mji huu mwaka 1331 akamsifu sultani wake kwa ukarimu. Mmemaliza. Msirundike majina.

Mambo matatu ya kurekebisha katika skripti. Mmesema Gereza "ni ngome ya Wareno". Wareno walijenga pale mwaka 1505 na wakaondoka mwaka 1512. Jengo linaloonekana leo kwa sehemu kubwa ni la enzi ya Waomani. Mmesema Kilwa imo "hatarini kutoweka". Orodha ya UNESCO ya urithi ulio hatarini mliingia 2004 na kutoka 2014, baada ya kuta kuimarishwa na mikoko kupandwa kuzuia bahari isile ufuo. Mbona hamjisifu kwa hilo? Ionyesheni hiyo mikoko. Na mmekiita kisiwa "mji uliosahauliwa". Kuna watu wanaishi pale, wana shule, wanavua, wanafua. Wakiiona hiyo video watawauliza nani amewasahau.

Hao wakazi ndio jambo la mwisho kwangu, na ningelianza nalo kama ningekuwa mimi ndiye ninayepanga. Kabla ya kamera kuvuka, mwenyekiti wa kijiji awe amejua, siyo kwa simu. Mwanamke anayesuka ukili barazani kwake si mapambo ya video. Aombwe, alipwe kitu, na akisema hataki, kamera igeuke. TAWA, ambao ndio wasimamizi wa magofu, ofisi yao mnaijua. Kibali cha kupiga filamu ulizeni mapema, kwa sababu mtu wa geti anaweza kuwa mkarimu leo na asiwepo kesho.

Historia mliyoikata haipotei. Itengenezeeni klipu fupifupi za baadaye, kwa simu, moja kila mwezi. Ya kwanza iwe ya sarafu. Sarafu za shaba za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na moja ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule yule wa Husuni Kubwa, ilipatikana Great Zimbabwe. Sekunde arobaini, mkono mmoja umeshika sarafu ya kuigiza, basi. Songo Mnara nayo ina safari yake ya mashua na inastahili video yake. Mkiibandika mwishoni itaonekana mabaki.

Kwenye picha ya mwisho wekeni namba ya simu inayopokelewa na mahali mashua zinapoondokea. Bei ya kiingilio msiandike, ikibadilika video imekufa.

*Bi Kamera, bosi wangu anataka video ya makumbusho yetu ianze na yeye mezani akikaribisha wageni. Dakika moja na nusu. Nimwambieje?*
*Mfanyakazi, Dodoma*

Usimwambie, mwonyeshe. Tengeneza mbili, moja na hotuba, moja bila. Waite watu watano wasiomjua bosi, wakabidhi simu wakiwa peke yao, na bosi akae pembeni aone kidole chao kinasogeza video sekunde ya ngapi. Ofisi moja niliyowahi kuifanyia kazi ilikataa jaribio hilo na kudai hotuba iongezwe. Ikiwa wako ni wa aina hiyo, mweke mwishoni, mvalishe vizuri, mulika uso wake upande wa dirisha, na uchukue hela yako.

*Salamu Bi Kamera. Natengeneza video ya magofu ya Gedi kwa ajili ya nyumba ya wageni hapa Watamu, Kenya. Wageni wetu wanapenda kima kuliko magofu. Mwenye nyumba anasema kima watashusha hadhi ya mahali palipoingia Urithi wa Dunia mwaka 2024. Nani ana haki?*
*Msomaji, Watamu*

Wewe. Kima ni wakazi wa Gedi, na ndio kinachotembea pale. Mpige kima akipita juu ya ukuta wa jumba la mfalme, kamera imfuate mpaka atoke, ibaki kwenye ukuta. Mtazamaji ameshaingia kwenye historia bila kuvutwa. Kutoka hapo nenda kwenye lile kaburi lenye tarehe, mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399 kwa kalenda ya Kizungu. Tarehe iliyochongwa na wenyewe inamaliza ubishi.

Ila usionyeshe hata sekunde moja mtu akimpa kima ndizi. Ukionyesha, kila mgeni atakuja na ndizi yake, na kima aliyezoea kulishwa hunyang'anya mpaka mkoba. Ndizi ikionekana kwa bahati mbaya, kata. Na piga asubuhi mlango unapofunguliwa, kabla watoto wa shule hawajashuka kwenye mabasi. Mchana kima wanapanda kwenye vivuli vya juu na utabaki na mikia.