Kwa nini Yohana anamwita Yesu "Neno"

Dada yangu wa Masasi, umeuliza Yesu anaitwaje "Neno" ilhali neno ni sauti inayopita. Anzia kwenye Kiebrania, lugha ya Agano la Kale: dabar ni neno, na pia ni jambo. Katika 1 Wafalme 11:41, "mambo ya Sulemani" ni dabar hiyohiyo kwa wingi. Hata huku Lindi, bibi akikuta umejiinamia juu ya ungo wa korosho atakuuliza, "Mjukuu wangu, kuna neno?" Haulizi sauti!

Sasa fungua Zaburi 33:6: mbingu zilifanyika kwa neno la Bwana. Wayahudi walipoitafsiri kwa Kigiriki, hapo waliweka logos, lilelile la Yohana. Wanafalsafa wa Kigiriki nao walikuwa nalo, lakini mimi ningeshika Zaburi kwanza. Mkikutana jumuiyani, isomeni hiyo, ndipo mwende Yohana 1:14, panaposema Neno alifanyika mwili.