Ahadi ya Mayai Ikifika Mwisho, Nani Anahesabu?

SWALI: Mhariri, kampuni kadhaa za kimataifa za hoteli na migahawa zilitangaza kwamba kufikia mwaka 2025 zingeacha kununua mayai ya kuku wanaofungiwa vizimbani. Mwaka huo umepita, na nilipouliza katika mgahawa mmoja hapa Mombasa mayai yanatoka wapi, nilijibiwa tu kwamba "sera ipo". Je, mteja wa kawaida anaweza kuidai kampuni ahadi ya namna hii? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Ahadi iliyotangazwa kwa umma si mkataba baina yako na kampuni, kwa hiyo ni vigumu kuishtaki kwa kuchelewa tu. Lakini menyu ya leo ikisema kuku hawafungiwi, ilhali wanafungiwa, huo ni upotoshaji, na Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya Kenya ya mwaka 2012 inaukataza. Vilevile, Kifungu cha 46 cha Katiba kinakupa haki ya kupata taarifa kuhusu bidhaa unayoilipia.

Jibu la "sera ipo" lisikuridhishe, kwa kuwa sera haionyeshi kilichonunuliwa. Uliza ni asilimia ngapi ya mayai yote ya mwaka uliopita yalitoka kwa kuku wasiofungiwa, na katika nchi zipi. Nchi zina uzito wake: ahadi ya McDonald's ya mwaka 2015 ilihusu Marekani na Canada, na Marekani ilitimizwa kabla ya muda, ila haikusema lolote kuhusu nchi nyingine. Walmart nayo, kampuni ya maduka makubwa ya Marekani, ilipoahidi mwaka 2016, iliweka masharti ya upatikanaji, bei na matakwa ya wateja, na masharti mapana kiasi hicho humwachia mwahidi mlango wa kutokea.

Hoja ya upatikanaji ndiyo utakayoisikia zaidi, na kwa maoni yangu hapa kwetu ndipo ilipo dhaifu kuliko kote. Marekani, ambako kizimba cha kawaida humpa kuku nafasi isiyofikia ukurasa wa karatasi ya A4, mabanda mazima hulazimika kujengwa upya. Kenya na Tanzania, wafugaji wengi wadogo bado wanafuga kuku wa mayai sakafuni, juu ya maranda (hao ni kuku wa kisasa, wasichanganywe na wa kienyeji), ingawa vizimba vinaongezeka. Mnunuzi wa hoteli anayedai kwamba mayai hayo hayapatikani aulizwe ni wafugaji gani aliowaendea, na aliwaahidi bei gani.

Andika barua kwa makao makuu ya kampuni, si kwa meneja wa tawi pekee, ukitaja tarehe ya ahadi na maneno yake yenyewe. Ukikosa jibu, wapelekee nakala Open Wing Alliance, muungano wa mashirika ya kutetea wanyama ulioanzishwa mwaka 2016, wenye wanachama barani Afrika, ambao huchapisha kampuni zipi zimetoa taarifa ya maendeleo na zipi zimenyamaza.